Kuitazama Dhoruba ya Ziwa kutoka Juu

Hapa Kisumu mvua nyingi hutujia alasiri, lakini katikati ya Ziwa Victoria radi hunguruma usiku, kwa sababu upepo wa nchi kavu kutoka pande mbalimbali hukutana juu ya maji yenye joto na kuinua hewa yenye unyevu. Vituo vingi vya kupima hali ya hewa viko nchi kavu, na ndiyo maana ndege za utafiti zinanivutia mno.

Ndege ya ER-2 ya NASA, shirika la anga la Marekani, hupaa zaidi ya kilomita 20, juu ya karibu mawingu yote, ikiweza kubeba lida, chombo kinachopiga mapigo mafupi ya leza kuelekea chini na kupima mwanga unaorudishwa na vumbi, moshi na matone. Mwanga husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwa hiyo pigo linalorudi baada ya mikrosekunde 100, yaani sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde, limesafiri kilomita 30 kwenda na kurudi, na limetoka umbali wa kilomita 15. Leza haipenyi wingu zito; kazi hiyo huifaa rada, inayotumia mawimbi ya redio. Tena, tofauti na setilaiti nyingi, ndege yaweza kulirudia wingu lile lile likiwa bado linakua.

Kwa maoni yangu, wavuvi wa omena, wanaotoka na taa usiku huohuo wa dhoruba, ndio wanaostahili kufaidika kwanza na vipimo vya aina hii.