Bibi na Sanamu ya Askari

Desemba 2016 tulikuwa tumejazana kwa shangazi, Kimara, Dar es Salaam, na ratiba ya kwenda kutembea mjini alikuwa ameipanga baba. Watoto tulitaka Coco Beach. Baba, mwalimu wa historia, alitaka Makumbusho ya Taifa. Bibi mzaa baba alikuwa ameshuka kutoka Uluguru kuja kula sikukuu na sisi, na alipoulizwa yeye angependa kuona nini, hakusita: "Nipelekeni kwa yule askari wa shaba."

Tulipanda mwendokasi Kimara Mwisho. Mabasi yale yalikuwa yameanza Mei mwaka huo huo, nauli 650, na kwetu sisi wa Morogoro ilikuwa starehe tosha kupita Ubungo na Magomeni bila kusimama, huku magari mengine yameganda kwenye foleni. Kijana mmoja alimpisha bibi kiti, naye akamwombea dua iliyofika mpaka Jangwani. Tukashuka Posta ya Zamani, mama akapiga picha mbili tatu za kanisa la Azania Front na paa lake la vigae vyekundu, kisha tukapandisha taratibu hadi Mtaa wa Samora.

Sanamu imesimama katikati ya mzunguko, magari yanaizunguka kutwa, na wapita njia wengi hawainui hata macho. Askari ameinama kidogo kwenda mbele, bunduki mikononi, singe imeelekea bandarini. Baba akaanza somo: iliwekwa mwaka 1927, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wameweka sanamu ya gavana wao Wissmann, na Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakaiondoa. Bibi hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameegemea mkongojo wake, anamkagua yule askari kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Mbona huyu ana bunduki?" akauliza. "Wetu alibeba mzigo."

Baba akanyamaza. Bibi akatusimulia pale pale kando ya barabara, kwa sauti ya kushindana na honi. Agosti 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walipoingia Morogoro, jeshi la Wajerumani la Lettow-Vorbeck lilirudi nyuma kuelekea kusini, na njia nyingine zilipita milimani kwao. Kila upande ulihitaji watu wa kubeba risasi na chakula, kwa sababu magari yalikuwa machache, barabara hazikuwepo, na wanyama wa mizigo walikufa kwa ndorobo. Kaka mkubwa wa baba yake bibi alichukuliwa akiwa shambani. Hakurudi. Wapagazi wa vita ile walikufa kwa maelfu, na wengi waliuawa na maradhi, njaa na uchovu kuliko risasi. Lipi kati ya hayo lilimpata yeye, nyumbani hawakuambiwa, wala hawakuonyeshwa kaburi. Lililobaki ni jina, na jina hilo ndilo analoitwa baba yangu.

Baba alijua amerithi jina la babu wa ukoo. Kwamba babu huyo alipotelea vitani hakuwahi kuambiwa, yeye aliyeifundisha vita hiyo darasani miaka nenda rudi.

Akamshika bibi mkono, wakasubiri magari yapungue, wakavuka hadi kwenye sanamu. Sisi tukafuata mbio. Akamsomea maandishi: ukumbusho huu ni wa askari wa Kiafrika, na ni wa wapagazi pia, ambao ndio walikuwa miguu na mikono ya jeshi. "Rudia hapo," bibi akasema, na baba akarudia. Basi bibi akaweka kiganja juu ya lile jiwe, akataja jina la baba yake mkubwa, ubini wake na kijiji alichotoka, kwa ukamilifu, kama anayeandikisha mtu ofisini.

"Naam, Mama," baba akaitika.

Sijui kama alikusudia. Jina ni lake, lilitoka kinywani mwa mama yake, akaitika. Bibi akamgeukia akamtazama, kisha akacheka huku anafuta macho kwa ncha ya khanga. Mpaka leo naona pale pangestahili hata benchi moja, ili mwenye mtu wake akae amkumbuke, asisimame anakwepa bodaboda.

Makumbusho tulikwenda, na baba alipata nafasi yake mbele ya Zinjanthropus, lile fuvu la kale la Olduvai lililogunduliwa na Mary Leakey mwaka 1959. Bibi alishangaa yale magego makubwa. Baba akamweleza kwamba yalifaa kutafunia majani na vyakula vigumu. "Maskini, hakuwa na chungu," bibi akasema, tukatoka kutafuta chakula.

Tulikula Feri, soko la samaki, na hapo mwenye ratiba alikuwa mama. Alipita meza baada ya meza akifunua mashavu ya samaki aone wekundu, akakataa jodari, akachagua changu watatu wazito na ngisi kidogo. Kijana akawaparua, tukawapeleka kwa wakaangaji, kwenye karai zenye mafuta yanayochemka juu ya moto wa kuni. Walirudi ngozi imekauka na kupasuka, nyama nyeupe ndani, na juu yake chumvi, ndimu na pilipili ya kusaga. Bibi, mzoefu wa perege, alimaliza kichwa kizima peke yake, akanyonya na macho.

"Mume wangu," akaniambia, "na lile jumba linaloelea ni shilingi ngapi?"

Pantoni ilikuwa 200. Tulivuka hadi Kigamboni, tukarudi, tukavuka tena kwa sababu bibi alitaka safari hii asimame mbele. Coco Beach hatukufika, na hakuna aliyeiulizia.

Usiku shangazi alitaka kujua tumeona nini. Sisi watoto tulianza na pantoni. Bibi alianza na Agosti 1916, na baba alikuwa ameshakaa kando yake na daftari.