Mwalimu alipokiacha kiti cha Waziri Mkuu

Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baada ya Tanganyika kupata uhuru, Julius Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu na kumwachia Rashidi Kawawa. Hakuwa ameshindwa uchaguzi wala hakuna jeshi lililomwondoa. Alieleza kwamba anakwenda kukijenga upya chama cha TANU, ambacho viongozi wake wengi walikuwa wamehamia serikalini na kukiacha kikipwaya. Wapo wanaosema alibanwa pia na wenzake waliotaka nafasi za serikali zishikwe na Waafrika haraka zaidi, na sina sababu ya kulipinga hilo. Ila aliyebanwa angeweza pia kung'ang'ania, jambo ambalo tumelishuhudia mara nyingi.

Watu hupenda kumsifu kwa kung'atuka urais mwaka 1985. Mimi naupima uongozi wake zaidi kwa uamuzi wa 1962, kwa kuwa wakati huo alikuwa na umri wa miaka 39, nchi yote ikimshangilia, na hakuwa na hakika kwamba akiondoka atarudi. Mtu wa namna hiyo anajua anachokitafuta, na anajua kwamba cheo ni njia mojawapo tu ya kukifikia. Dalili zilionekana mapema: mwaka 1955, alipotakiwa kuchagua kati ya kufundisha Pugu na kufanya siasa, aliacha kazi yenye mshahara na kubaki na chama ambacho hakikuwa kimetimiza hata mwaka mmoja.

Kawawa naye, ambaye kwa maoni yangu hatumtaji inavyostahili, aliendesha serikali kwa miezi ile huku Mwalimu akizunguka mikoani na kuandika juu ya ujamaa, kisha Desemba 1962 Nyerere alipoapishwa kuwa Rais, akakubali kuwa Makamu bila kinyongo kilichojulikana hadharani. Kumpisha mwenzako baada ya kuonja madaraka kunahitaji dhamira isiyopungua ile ya aliyeyaacha kwa hiari.

Lakini dhamira hiyo hiyo inaweza kumfanya kiongozi asisikie. Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na katika miaka iliyofuata mamilioni ya wakulima walihamishwa, wengine kwa nguvu, wakiacha mashamba waliyoyazoea. Lengo lilikuwa kuwafikishia shule, maji na zahanati, na siamini kwamba alitafuta faida yake binafsi. Hata hivyo, mwaka 1972 serikali za mitaa zilikuwa zimekwisha kuvunjwa, na mwaka 1976 vyama vya ushirika vikafuata. Baadaye alikiri mwenyewe kwamba kuvunja taasisi hizo lilikuwa kosa, nazo ndizo zilizokuwa na uwezo wa kumwambia, kwa niaba ya wanavijiji, kwamba hapo amekosea.