Siku moja maishani mwangu: zamu ya Hale na swali la fueli ya nyuklia

Saa 12 asubuhi. Nimetoka Muheza alfajiri, napokea zamu kituo cha umeme wa maji cha Hale, kilichojengwa kwa megawati 21 juu ya Mto Pangani. Kwanza nondo za kuzuia taka mlangoni mwa maji. Mvua imeshusha magugu na magogo, vijana wanaopoa.

Saa 3. Chai na mihogo. Kijana wa mafunzo ananiuliza: "Dada, urani tunayo kule Mkuju, Namtumbo. Siku tukijenga kinu cha nyuklia, si tutatafuta tu fueli yenye nguvu kuliko zote?"

Swali zuri, na nimelijibu kwa kirefu. Si nguvu tu: mzalishaji umeme anataka kinu kiwake miezi 18 bila kuzimwa. Vidonge vya urani, kila kimoja kama sentimita moja, hupangwa ndani ya fimbo za metali ya zirkoniamu zenye urefu wa karibu mita nne, nazo fimbo hufungwa pamoja kuwa mabunda. Bunda lenye nafasi 17 kwa 17 lina fimbo 264, nafasi nyingine zina kazi nyingine. Ikitoboka moja tu, vitu vyenye mionzi vinaingia kwenye maji ya kupoza, matengenezo yanakuwa ya hatari na ya polepole, pengine unazima kabla ya wakati. Ukizima kinu kimoja cha kituo cha nyuklia cha Koeberg, Afrika Kusini, zaidi ya megawati 900 zimetoka kwenye gridi.

Saa 5. Nimempeleka kwenye zile nondo, nikamwambia kinu nacho kina taka zake. Kipande cha waya kilichosahaulika wakati wa matengenezo hunasa kati ya fimbo za fueli, kikasugua gamba, yaani ganda la fimbo, mpaka likatoboka. Ndiyo maana mabunda ya siku hizi yana chujio chini. Anayekaa zamu anaelewa haja hiyo upesi.

Saa 8. Wali, samaki, ripoti.

Saa 9 na nusu. Fundi mkuu katujia na swali gumu: fueli mpya je? Kituo cha nyuklia cha Fukushima, Japani, 2011, zirkoniamu iliyopata joto kali iliitikiana na mvuke ikazaa hidrojeni, majengo yakalipuka. Sasa yanajaribiwa magamba yaliyopakwa metali ya kromiamu. Nayapenda sana, ila yaanze kwa mabunda machache. Kila ukizima hubadilishi yote, kama theluthi tu, kwa hiyo bunda jipya lazima likae vizuri na la zamani: maji yapite sawasawa, vishikizo vya fimbo vilingane.

Saa 12 jioni. Nakabidhi zamu. Kijana nimemwachia kazi ya kuandika maswali ya kumuuliza muuzaji wa fueli. La kwanza nimemwandikia mwenyewe: fimbo zako ngapi zimevuja, kwenye vinu vipi, na kwa sababu gani?