Maboksi Matupu: Yapi Yabaki, Yapi Yaondoke

Ukiingia katika nyumba nyingi za Dar es Salaam utakuta juu ya kabati la nguo pamejaa maboksi matupu hadi karibu na dari: la televisheni, la pasi, la blenda, la feni, la viatu vilivyovaliwa harusini, na hata la simu ambayo yenyewe iliuzwa zamani. Sisi tunaoishi katika nyumba za kupanga tunayalipia maboksi hayo, kwa sababu kodi ya miezi sita inayotolewa kwa mkupuo inajumuisha na kona ile ambayo mtoto angeweza kuwekewa meza ya kusomea. Baada ya kulitafakari jambo hili kwa muda mrefu, nimefikia msimamo kwamba boksi lihifadhiwe kwa kazi inayoweza kutajwa, na kazi hiyo ikiisha liondoke. Kusema kwamba huenda likafaa siku moja hakutoshi, kwa maana hakuna kitu duniani ambacho hakiwezi kufaa siku moja.

Boksi la simu ndilo ninalolitetea kwa moyo wote. Ubavuni lina kibandiko cheupe chenye mistari myeusi na namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, ambayo ina tarakimu 15, na simu ya laini mbili huwa na namba mbili za aina hiyo. Ni kweli kwamba ukibonyeza *#06# namba hujitokeza kwenye kioo, lakini simu ikishachomolewa mfukoni ndani ya daladala huna tena pa kubonyeza, na unapofika kituo cha polisi kuchukua RB, yaani namba ya taarifa uliyoandikisha, namba hiyo ndiyo inayoitambulisha simu yako kati ya maelfu ya simu za rangi na muundo uleule. Watanzania wengi tuliifahamu IMEI mwezi Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima simu bandia na kila mtu akawa anahakiki ya kwake. Zaidi ya hapo, anayenunua simu iliyotumika huuliza kwanza kama ina boksi na risiti, na isipokuwa navyo hushusha bei, au huingiwa na shaka kwamba ni ya wizi na kuondoka. Boksi lenyewe linaingia kwenye droo bila kumsumbua mtu. Libaki maadamu simu ipo, na siku simu inapouzwa liende nayo.

Boksi la televisheni ni suala gumu zaidi, kwa kuwa ni kubwa na sababu za kulitunza ni nzito. Televisheni bapa za siku hizi zina kioo chembamba kisichovumilia kukandamizwa katikati, ndiyo maana kiwandani husimamishwa wima katikati ya vipande vyeupe vya povu gumu vilivyochongwa kufuata umbo lake, vikishika kingo na pembe huku uso wa kioo ukiwa haugusani na kitu chochote. Juu ya boksi huchapwa mishale miwili inayoelekea juu, glasi na mwavuli, na alama hizo zinafaa kutiiwa hata na mwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, anayekuhamisha kutoka Tabata kwenda Mbagala. Nimeona televisheni ikilazwa juu ya godoro, ikafunikwa blanketi, kisha mtu akaweka juu yake ndoo ya vyombo kwa kuamini kwamba ulaini wa godoro unatosha. Ilipowashwa ilionyesha mistari ya rangi upande mmoja na weusi upande wa pili, na gharama ya kubadilisha kioo ilikaribia bei ya televisheni mpya. Dhamana ya dukani kwa kawaida haihusiki na ajali ya namna hiyo. Kwa sababu hiyo mpangaji ambaye anajua kwamba huenda akahama atunze boksi la televisheni pamoja na vipande vyote vya povu, kwa maana bila vile vipande boksi ni karatasi tu. Lakini aliyejenga kwake na kuifunga televisheni ukutani hana haja nalo baada ya dhamana kuisha.

Kuhusu vifaa vingine, wengi huamini kwamba bila boksi dhamana haipo. Kinachohitajika zaidi ni risiti, kadi ya dhamana iliyogongwa muhuri na namba ya kifaa, ambayo imeandikwa pia kwenye kibandiko kilicho nyuma au chini ya kifaa chenyewe. Boksi lina uzito katika siku za mwanzo, wakati kifaa kinaweza kukutwa na kasoro na duka likataka lirudishiwe kila kitu kama kilivyotoka. Siku hizo zikipita, boksi la pasi au la blenda halina hoja. Risiti ndiyo inayostahili wasiwasi, kwa kuwa risiti za EFD, ile mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti, huchapwa kwa joto kwenye karatasi maalumu, na maandishi yake hufifia kiasi kwamba kabla dhamana haijaisha unaweza kubaki na karatasi nyeupe. Ipige picha au itoe kopi siku hiyohiyo ya kununua.

Mashine ya kufulia yenye mlango mbele inahitaji tahadhari ya peke yake. Inapotoka dukani huwa na skrubu ndefu nyuma zinazolizuia pipa la ndani lisitikisike njiani, nazo lazima zitolewe kabla ya kuiwasha. Skrubu hizo zitiwe kwenye kifuko na kuhifadhiwa, kwani siku ya kuhama zitarudishwa mahali pake. Boksi lake hatulihitaji. La friji pia liende, mradi friji isafirishwe ikiwa imesimama.

Shangazi yangu, ambaye ndiye aliyenilea, hakubaliani nami. Nilipomuuliza kwa heshima kazi ya boksi la redio lililo mvunguni mwake, alinijibu, "Mwanangu, akiba haiozi." Namwelewa vizuri, kwa sababu amepita katika miaka ambayo kopo la maziwa lilikuwa mali na boksi gumu lilisafiri mara nyingi kwenda kijijini na kurudi. Hata hivyo, katika hewa ya pwani akiba ya karatasi huoza. Boksi la kawaida limetengenezwa kwa karatasi mbili zilizonyooka na moja yenye mawimbi katikati, zote zikiwa zimeshikanishwa kwa gundi ya wanga. Karatasi hiyo hunyonya unyevu kutoka hewani, hasa wakati wa masika, ikalegea na kuanza kunuka uvundo. Gundi ya wanga ni chakula cha mende, mashimo membamba ya yale mawimbi ni maficho yao, na ukilifungua boksi lililokaa muda mrefu utaona vikasha vyao vya mayai, vya rangi ya kahawia iliyokolea, vimeshikamana kwenye mikunjo ya chini. Kikasha kimoja cha mende wale wakubwa huweza kubeba mayai zaidi ya kumi. Mtu anaweza kupulizia dawa jikoni kila wiki huku chanzo kikiwa juu ya kabati la chumbani. Mchwa nao hawahitaji mwaliko pale boksi linapokaa sakafuni karibu na ukuta wenye unyevu.

Nimekubaliana na Shangazi katika jambo moja, kwamba nyumba iwe na maboksi machache magumu, yaliyokunjuliwa na kulazwa bapa nyuma ya mlango, kwa ajili ya mizigo ya kutuma mikoani kwa basi. Mzigo uliofungwa katika boksi zima, ukazungushiwa utepe wa gundi na kamba ya manila, hufika salama kuliko ule wa mfuko.

Yanayobaki yana wenyewe. Wazoa taka wa mitaani huyakusanya na kuyauza kwa kilo, kisha nyuzi zake hurudi viwandani na kutengenezwa karatasi tena, jambo linaloweza kurudiwa mara tano hadi saba kabla nyuzi hazijawa fupi mno. Ili yawe na thamani kwao ni lazima yawe makavu na yasiwe na mafuta, kwa hiyo boksi la keki au la chipsi lililoloa mafuta litengwe. Ninawaomba pia wanaowasha mkaa kwa maboksi watoe kwanza utepe wa plastiki wenye gundi na vipande vya povu, kwa sababu moshi wake mweusi ni sumu na mara nyingi huishia karibu na sufuria na watoto.

Kabla ya kulitoa boksi nje, libandue vibandiko vyake vyote na kulichana. Boksi la televisheni kubwa likisimamishwa zima kando ya geti linamtangazia kila apitaye kilichoingia ndani usiku wa jana. La simu lina hatari kubwa zaidi, kwa kuwa wapo matapeli wanaotia kipande cha sabuni au simu bandia ndani ya boksi halisi, wakalifunga upya kwa nailoni na kumuuzia mgeni wa mji kwa bei ya kumvutia. Kibandiko chenye IMEI ndicho kinachomfanya mnunuzi aamini, kwa hiyo kikatwe vipande vidogo, na boksi lenyewe lipasuliwe pembe zote nne kabla ya kukabidhiwa kwa mzoa taka.