Nimerudi, daftari la jirani linanisubiri

Assalaam alaykum jamani, nimerudi. Wiki ya pili hii na bado kila nikitoka mlangoni naulizwa lile lile, "umerudi lini?" na sijajibu nishaambiwa "mbona umenenepa hivo, Maskati kumekukubali eeh". Ndo kumenikubali. Miaka 14 ya chaki halafu miezi minne ya likizo bila malipo kwa dada yangu, sina kengele, sina madaftari, nikishasali alfajiri narudi kulala mpaka saa 4 na hakuna wa kuniuliza.

Ya huko sisemi mengi, picha mshaziona. Ila moja lazima nilitaje. Mwezi wa 7 joto la Maskati lilipovuka 40 shemeji akatutia garini tukaenda Salalah, kusini ya Oman, karibu kilomita 1,000, jangwa tupu, mie nishachoka kuuliza tutafika lini, mara tunaingia milimani ukungu huo, mvua ya rasharasha, kijani kila unapotizama. Ndo kharif yao, msimu wa mvua, watu wa Ghuba wanafunga safari kuja kunyeshewa tu, hiyo hiyo mvua ambayo sie tukiiona tunakimbilia barazani. Na pembeni ya barabara vibanda vya madafu, ndizi, mapapai, ungeapa uko sokoni Mwanakwerekwe, kwetu Unguja. Nimekaa na dafu langu mkononi ikaingia voisi kwenye grupu la mtaa: mzee wa duka la kona kafariki. Nikaandika Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, nikatia ile mikono ya dua, nikamalizia dafu.

Basi, tuje kazini. Ijumaa yangu ya kwanza nimelala fofofo kwa sababu kule mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi na mwili ushazoea, kuja kuamka simu ya mwalimu mkuu inaita, "mwalimu, form two wanakusubiri au urudi Maskati?" Nimefika natweta, nikaandika logarithimu ubaoni kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, mtoto wa mbele akanyosha mkono, "mwalimu hiyo tushasoma". Hiyo na nyengine ya mbele yake. Mwenzangu aliyenishikia vipindi kabeba na vyake, kawapeleka mbio, na nilipowapa swali gumu makusudi (roho mbaya tu, nakiri) wamelifanya. Mshahara wake haukuongezwa hata senti. Nimempelekea halua ya zafarani na ubani, kashukuru sana, ila macho yake mekundu ya mtu asiyelala nimeyaona, na mie hapo nimenawiri kama bi harusi.

Halafu jirani yangu. Mtaani kwetu tuna mchango, ikiwa harusi, ikiwa mgonjwa, ikiwa msiba, na yeye ndo mshika daftari, lile dogo la skuli, jalada lishachanika kalishona kwa uzi mweusi. Nimeenda na bakuli la halua nijue nadaiwa nini. Kafungua, kidole kinashuka, jina langu lipo kila mstari kama vile sikuondoka. Harusi mbili, 10,000 kila moja. Mgonjwa 5,000. Msiba wa mzee 10,000. Zote zimetiwa tiki.

"Kanilipia nani?"

"Nikuachie jina lako wazi watu waone?"

Yeye huyo anauza maandazi, tena asubuhi tu. Nikatoa 35,000 pale pale nikamtilia mkononi. Kazihesabu mara mbili, akatoa noti ya 10,000 akanirejeshea. "Za harusi na za mgonjwa nachukua. Ya msiba silipwi. Ile nimetoa mie. Wewe hujahani bado."

Nikataka kumwambia nilituma ujumbe kwenye grupu, nikanyamaza.

Nikaenda jioni ile ile. Mjane bado yumo eda, ni miezi minne na siku 10, na mzee kafa mwezi wa 7, kwa hiyo nimemkuta ndani palepale alipokaa siku zote nilizokuwa napanda milima. Nilijitayarishia maneno yote, nikampa mkono, yakapotea. Yeye ndo kaanza, "Mwanangu, nasikia kule Uarabuni kuna pahala mvua hainyeshi inarushwa tu kama unga?" Nikamwambia ndio bibi. Akataka nimsimulie yote, ukungu, ng'ombe na ngamia wanavyokatiza barabara, mpaka bei ya dafu kaiuliza, akacheka kwamba mume wake angesema ni wizi. Sijui tumekaa saa ngapi. Adhana ya magharibi imetukuta hatujawasha taa.

Kesho yake nina kipindi cha kwanza na madaftari 62 sijayagusa.