Nilivyoratibu shindano la michezo ya kuigiza ya dakika kumi

Mswada wa kwanza ulinifikia kwa WhatsApp saa tano usiku: picha 14 za karatasi za fulskepu, mwandiko wa kalamu ya buluu, na pembeni kivuli cha kidole cha aliyeshika simu. Chini ya picha ya mwisho mwandishi, kijana wa Kayole, alikuwa ameandika: "Samahani mkubwa, saiba ya kuchapia imefungwa. Usiutupe kwa ajili ya mwandiko." Kanuni zetu zilitaka miswada iliyochapwa. Nikawasha kompyuta nikaanza kuuchapa mwenyewe, na nilipofika ukurasa wa tatu usingizi ulikuwa umeniruka.

Kikundi chetu kina waigizaji 11. Tunakutana kila Jumamosi katika ukumbi wa kijamii huku Eastlands, Nairobi, tunafanya mazoezi mchana kutwa, jioni tunafagia na kupanga viti. Mwenzetu mmoja aliolewa Austria, na huko akajiunga na kikundi cha waigizaji wa kujitolea wanaoigiza kwa Kiingereza. Watu wengi hushangaa kusikia hivyo, kwa kuwa nchi ile ni ya Kijerumani. Lakini jijini Vienna kuna ukumbi wa wasanii wa kulipwa, Vienna's English Theatre, ambao umekuwa ukiigiza kwa Kiingereza tangu 1963. Ulianza kwa ajili ya watalii wa kiangazi, ukapendwa, ukaendelea mwaka mzima. Vikundi vidogo kama cha mwenzetu vina watu wa kila aina: walimu, wanafunzi wa chuo, wafanyakazi wa mashirika, wageni waliohamia huko wakakosa mahali pa kuonyesha kipaji chao. Wenzake hao walitaka usiku mmoja wa michezo kutoka Kenya. Mitatu tu, kila mmoja dakika kumi, waigizaji wasizidi wanne, jukwaani meza na viti viwili. Mwenzetu akanipigia: "Wewe ndiye mwenye subira na makaratasi. Tutafutie."

Kabla sijaandika hata mstari mmoja wa tangazo, tulikwama kwenye lugha. Mkongwe wetu, ambaye sote tunamwita Mwalimu, alinyamaza mpaka chai ikaisha birikani. Kisha akasema, "Pale Kamiriithu mwaka 1977 watu walicheza kwa Kikuyu, na wakulima wakaja kwa miguu kujiona jukwaani. Leo sisi tunawaita vijana waandike Kiingereza ili wasikie watu wa ng'ambo. Mniambie faida iko wapi." Hakuna aliyemjibu haraka. Kila aliyewahi kupanda jukwaa nchini anaijua habari ya Kamiriithu, kule Limuru: mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ uliochezwa na wanakijiji wenyewe, serikali ikafuta kibali baada ya wiki chache, na mwaka ulipokuwa ukiisha Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini.

Nilimwambia Mwalimu ninachokiamini hadi sasa. Kiingereza kiko vinywani mwetu tayari. Katiba ya 2010 imekiweka pamoja na Kiswahili kuwa lugha rasmi, watoto wetu wanaota kwa lugha mbili au tatu, na mwandishi wa mtaa wa Umoja akikiandika Kiingereza kwa namna anavyokisema, hiyo ni kazi yake halali. Alichotaka Mwalimu, na alikuwa na haki, ni kwamba mtu asilazimishwe kujificha ili akubalike. Basi tukaweka kanuni mbili zilizotoka moja kwa moja katika mabishano yale: mhusika anaruhusiwa kusema Kiswahili au Sheng ya mitaani popote ambapo mtu halisi angesema hivyo, bila tafsiri, na michezo mitatu itakayoshinda lazima isomwe kwanza hapa nyumbani, mbele ya watu wa mtaa, kabla haijavuka mpaka.

Kanuni nyingine hazikutuchosha. Kurasa zisizidi kumi, kwa hesabu ya ukurasa mmoja kwa dakika moja. Jina la mwandishi lisionekane popote kwenye mswada. Hakuna kiingilio. Nilisisitiza hilo la kiingilio kwa sababu nawajua vijana wetu: shilingi mia tano ni nauli ya wiki, na ukiitoza umeshachuja waandishi kwa mifuko yao hata hujasoma. Kuhusu hakimiliki tuliandika sentensi fupi, kwamba kazi inabaki mali ya mwandishi na sisi tunaomba ruhusa ya maonyesho mawili pekee. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inailinda kazi ya fasihi maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Nilimsomea kijana mmoja maneno hayo kwenye simu, akanyamaza, akauliza, "Hata kama ni kurasa kumi tu?" Nikamwambia hata ikiwa moja.

Ilikuja miswada 58, na 31 kati yake iliingia siku ya mwisho. Kila mmoja nilioupokea nilifuta jina, nikaupa namba, na orodha ya majina nikaiweka katika daftari ambalo halikutoka nyumbani kwangu. Kwa kuwa niliyajua majina, sikupiga kura. Nawasihi wote watakaojaribu jambo hili wafanye hivyo: anayepokea asihukumu. Nairobi ya sanaa ni ndogo, na hakuna anayeweza kuapa kwamba hatavutwa na jina la rafiki.

Wasomaji wetu walikuwa sita, na kila mswada ulisomwa na wawili bila kushauriana. Niliwapa maswali manne tu. Nani anataka nini? Kuna kitu kimebadilika kufikia mwisho? Unaweza kuchezwa kwa viti viwili? Ungependa kuusikia tena? Swali la pili ndilo lililoangusha wengi. Tumelelewa na Tamasha la Kitaifa la Drama, ambalo shule zetu zimeshiriki tangu 1959, na limetupa nidhamu na sauti kubwa. Lakini mchezo wa shule una nafasi ya umati, nyimbo na hotuba ya kufunga. Mchezo wa dakika kumi, umbo lililokomazwa na Wamarekani katika miaka ya 1980, hasa kwenye ukumbi wa Actors Theatre kule Louisville, hauna nafasi hiyo. Unaingia wakati ugomvi umeshaanza, unamwona mtu akilazimika kuchagua, unatoka. Tulipata miswada mingi yenye chifu, wazee saba na mkutano wa hadhara, yenye mazungumzo mazuri kabisa, ambayo ilihitaji saa nzima. Iliniuma kuiacha. Pia kulikuwa na minane ambayo visa vyake vilitokea New York na London, wahusika wakiwa na majina ya kizungu, na nilipowaandikia waandishi wake baadaye niliwauliza swali moja: kwenu chakula cha jioni kinaliwa saa ngapi na nani hunyamaza mezani? Wawili kati yao walinijibu kwa michezo mipya.

Wiki moja kabla ya kutangaza washindi, kampuni iliyoahidi pesa za zawadi ilitupa kisogo. Ujumbe mmoja mfupi, basi. Tulikuwa tumeshawaahidi washindi shilingi 10,000 kila mmoja, na ahadi kwa mwandishi ni deni. Kikundi kikachanga kama chama cha kuweka akiba kinavyochanga msiba ukiingia: kila mtu kwa uwezo wake, M-Pesa kwenye simu ya mweka hazina, majina yakisomwa Jumamosi. Mwalimu alitoa kuliko sisi sote, na aliomba kiasi chake kisisomwe.

Miswada minane iliyopita mchujo wa wasomaji tuliisoma kwa sauti, na siku hiyo ilinifunza zaidi ya miezi miwili ya makaratasi. Waigizaji walisimama na miswada mikononi, bila mazoezi, mimi nikishika saa ya simu. Mswada uliopata alama za juu kuliko yote kwenye karatasi, wenye sentensi za kupendeza, ulifia mdomoni. Mwigizaji wetu hodari alijaribu mara tatu mstari mmoja, akashusha karatasi na kusema kwa upole, "Huyu mama hawezi kusema hivi. Ameandikwa asomwe." Mwingine wa kurasa tisa ulichukua dakika 16, kwa sababu maelekezo yake ya jukwaani yalisema mhusika anapika ugali, na ugali hauna njia ya mkato. Na ule wa Kayole, ambao wasomaji walikuwa wameuweka nafasi ya saba, uliwanyamazisha watu hadi tukasikia mtoto akipiga chafya nje ya ukumbi.

Ni wanawake wawili asubuhi baada ya moto wa soko la Gikomba. Mmoja anauza mitumba na kibanda chake kimekuwa majivu. Mwingine ni mweka hazina wa chama chao, amekuja kudai mchango wa miezi mitatu, na hakujua kuhusu moto hadi alipofika. Kwa kurasa tisa nzima hakuna anayelitaja deni. Wanachambua majivu kwa vijiti wakitafuta vifungo vya chuma. Ulishinda.

Jambo lililofuata halionekani na watu wa nje. Niliwaandikia waandishi wote 55 ambao hawakushinda, kila mmoja sentensi mbili au tatu: moja ya kilichotugusa, moja ya kilichotuzuia. Kazi hiyo ilinichukua jioni za wiki tatu. Walioshinda walifurahia hela. Wale wengine walinitumia majibu marefu, na wengi walisema haijawahi kutokea mtu akawaambia kwa nini.

Kisha ikaja barua pepe ya mwongozaji wa kule Austria. Alikuwa mwema na makini, na alikuwa na swali kuhusu mchezo wa Gikomba. Katika ukurasa wa kwanza mweka hazina anafika, anaona majivu, anasema neno moja: "Sorry." Waigizaji wake walikuwa wamejadiliana wiki nzima. Walitaka kujua huyu mwanamke anaomba radhi kwa nini. Ni yeye aliyechoma kibanda?

Niliisoma barua ile nikiwa ndani ya matatu, barabara ya Jogoo, na nilihisi kama mtu ameniondolea pazia. Sisi watu 11 tuliusikia mstari ule kwa sauti, wasomaji wawili waliusoma, mimi niliuchapa kwa vidole vyangu, na hakuna aliyeona kitu. Kwetu "Sorry" ni pole. Mtu akijikwaa barabarani unamwambia "Sorry" na hukumsukuma wewe. Kwa Kiingereza cha wenzetu neno hilo, likisemwa hivyo mtu anapofika tu, linabeba hatia. Mwongozaji alipendekeza tuandike sentensi ndefu zaidi ieleweke kwamba anamhurumia.

Nilimpigia mwandishi. Tulizungumza mpaka salio likaisha, akanipigia yeye. Alijaribu sentensi nne za Kiingereza, kila moja ikawa ndefu na kila moja ikamfanya yule mama awe mtu mwingine, mtu wa kutoa rambirambi kwenye barua. Mwishowe akauliza kwa sauti ya chini, "Kanuni si zilisema mtu aseme vile angesema?" Akafuta "Sorry". Akaandika "Pole." Maneno ya kueleza hakuongeza. Chini yake akaweka maelekezo ya jukwaani: anachutama kando ya mwenzake.

Mwongozaji alikubali, ila akaomba nimrekodie mwigizaji wake jinsi neno linavyotamkwa. Nilimtuma yule dada wetu hodari. Alirekodi mara moja akaona haitoshi, akarekodi pole ya aliyeanguka, pole ya aliyefiwa, pole ya aliyechoka na kazi, na ya nne, ile ya majivu.

Onyesho lilikuwa mwezi wa tano, saa mbili usiku kwao, saa tatu kwetu. Tulikusanyika ukumbini, kompyuta juu ya meza, watu wa mtaa wakiwa wamejaa hadi mlangoni. Kijana wa Kayole alikataa kiti cha mbele. Alisimama nyuma karibu na swichi ya taa, kofia mkononi. Mtandao ulikuwa ukikatika. Mwanamke mmoja mrefu, nywele za mvi, aliingia jukwaani upande wa kushoto, akatazama chini, na hapo picha ikaganda. Sauti haikukatika. Tukasikia hatua mbili juu ya mbao, kimya, kitambaa kikijikunja mtu anapochutama.

"Pole," akasema, polepole, o yake ikiwa fupi kidogo.

Hakuna aliyekohoa, si kwao wala kwetu. Niligeuka kumtazama mwandishi. Midomo yake ilikuwa ikisogea, anasema mstari unaofuata pamoja nao.