Mheshimiwa Akajijibu

Tarehe 26 Aprili 2018, kwenye sherehe za Muungano pale Uwanja wa Jamhuri, Rais Magufuli alitangaza kwamba Dodoma si manispaa tena, ni jiji. Mimi nilikuwa nyumbani Nkuhungu na redio yangu, na kitu cha kwanza kunijia kichwani kilikuwa muswada.

Zilikuwa insha 14 za siasa. Zilishakaa miaka miwili kwa mchapishaji mmoja bila hata kuambiwa "hapana", nikaamua kuchapisha mwenyewe kwa fedha ya zabibu za Machi. Namba ya ISBN nilishaipata kwa watu wa Maktaba. Ilibaki kupeleka flashi kwa mchapaji.

Mimi ni mhafidhina, wala sioni haya kusema. Naamini jambo lililokaa miaka mingi lisiguswe kabla hujajua lilikaa kwa nini. Imani hiyo sikuitoa vitabuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Operesheni Dodoma ilimtoa babu yangu kwenye tembe lake ikampeleka kijiji cha ujamaa, mbali na malisho yake, na waliomhamisha hawakurudi kumuuliza anaendeleaje. Hata hili la makao makuu: chama kiliamua 1973, serikali ikaanza kuhama kwa kishindo 2016. Wenzangu huiita miaka 43 ya uzembe. Mimi niliandika kurasa 11 kuitetea, na nadhani tatu kati ya hizo bado zinasimama.

Sasa mtu wa mawazo hayo, kesho yake saa mbili asubuhi yuko steshenari karibu na Jamatini, anahema.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Humu ndani kila penye 'mji' nataka pawe 'jiji'. Kitabu kisitoke kimeshapitwa."

"Hiyo dakika moja tu, mzee. Naiambia mashine ibadilishe zote kwa mpigo."

Akabonyeza. Kikajitokeza kiboksi kidogo katikati ya kioo: mabadiliko 214. Nikalipa shilingi 1,000, nikamwongezea mia tano ya soda. Sikusoma tena. Miaka 31 nilifundisha Kiswahili, na kila muhula niliwaambia watoto wapitie kazi yao kabla ya kuleta daftari.

Vitabu vilifika baada ya wiki tatu, nakala 300, kwenye bajaji. Nilikata boksi la kwanza kwa kisu cha jikoni. Harufu ya gundi na wino ilinipanda puani, na nakiri nilikipapasa kile kitabu kama mtoto mchanga. Nikafungua katikati. "Jiji wetu." Nikafunga. Nikafungua mbele kidogo: "Jiji huu umekua."

Mwalimu wa Kiswahili! Mashine ilibadilisha nomino ikaacha viambata vyake vyote kwenye ngeli ya zamani, kama mtu aliyehama nyumba akasahau watoto. Mtaa wa Mji Mpya ukawa Jiji Mpya. Hayo yangevumilika. Kumbe mashine haikuwa ikitafuta neno. Ilikuwa ikitafuta herufi tatu, m na j na i, popote zilipojificha. Insha yangu ya uchaguzi, ambayo nilijivunia kuliko zote, ilianza hivi: "Mpiga kura si jijinga." Yaani ujinga wa kawaida anao, ila haujafikia ukubwa huo.

Kijana wa steshenari sikumlaumu. Alifanya nilichomwambia, na mashine ikafanya alichoiambia.

Jioni nilimpa nakala mwalimu mwenzangu mstaafu, nikitumaini macho yake yamechoka. Alisoma kimya, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Mwalimu," akasema, "kwenye ukurasa wa 41 naona uliulizwa swali na diwani, halafu 'nikajijibu'. Ulikuwa na homa?"

Mke wangu akalazimika kwenda jikoni ili acheke vizuri.

Kuchapa upya kulitaka milioni nyingine, na zabibu za Agosti zilikuwa bado mtini. Kwa hiyo tuliketi sebuleni, mimi na mjukuu wangu wa darasa la sita, na kalamu mbili za wino mweusi na rula. Tulikubaliana kuacha "jijini", maana hilo mashine ilipatia, na kurekebisha yale ya aibu kubwa tu. Usiku wa kwanza tulimaliza nakala 19. Usiku wa nne mtoto alishazijua kurasa kwa moyo; alikuwa anafungua, anakata, anaandika juu, anapuliza wino ukauke.

Akasimama kwenye ukurasa wa 63, ambao tulikuwa tumeuruka nyakati zote hizo.

"Babu, na hapa?"

Ilikuwa insha ya mikutano ya hadhara. Mzee mmoja alikuwa amenyanyua mkono kuuliza bomba la maji litafika lini kijijini kwao. Mimi niliandika kwamba mheshimiwa akamjibu. Kitabu kilisema: "Mheshimiwa akajijibu kwa saa nzima, kisha akapanda gari."

Nikaisoma mara mbili. Nilikuwepo kwenye mkutano ule.

"Hapo ruka," nikamwambia.

Akavuta nakala inayofuata.